Mwananchi ni Mshiriki wa Utafiti, Si Chombo Chake

(Hotuba kwa walimu na watumishi wa umma)



Lipo neno ambalo limewatisha watu wa pwani na wa bara tangu enzi za ukoloni: mumiani, mtu anayesemekana kuchukua damu za wenziwe ili zifanywe dawa. Wasomi hulicheka neno hilo. Lakini mwananchi anayetobolewa kidole na mgeni aliyeshuka garini, asielezwe damu yake inakwenda wapi wala asiletewe matokeo, mnataka afikiri nini? Uvumi hustawi pale maelezo yanapokosekana.

Wako wanaodai kwamba utafiti ni kazi ya wataalamu, na kwamba mkulima hana la kuchangia ila damu na majibu ya maswali. Bagamoyo inawakanusha. Mradi wa vyandarua ulipoendeshwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliwauliza wanavijiji majina ya homa wanazozijua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba kwa wengi "homa ya malaria" ilikuwa homa ya kawaida, na degedege ugonjwa mwingine kabisa, uliohusishwa na shetani na aghalabu kupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi.

Maana yake ni nzito. Mtaalamu angeweza kuhubiri kutwa kucha kwamba chandarua huzuia malaria, na mama akakubali kwa moyo mmoja, huku akiamini kwamba degedege, jambo analoliogopa kuliko yote, halihusiani na mbu. Mtoto angekufa kati ya maneno mawili.

Sisemi kwamba umma haukosei. Degedege la homa kali mara nyingi hutokana na malaria, na kumchelewesha mtoto kufika hospitali ni kumhatarisha. Ubia maana yake ni kufundishana: mtaalamu ajifunze lugha na maisha ya watu, na watu wapate elimu iliyo haki yao.

Tunda la kazi ya namna hiyo lilionekana Kilombero na Ulanga. Huko utaratibu wa kusambaza vyandarua vyenye dawa ulitanguliwa na mazungumzo na wenyeji. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Vivyo hivyo, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilijaribiwa, miongoni mwa mahali pengine, Bagamoyo na Korogwe. Bila ya wazazi waliokubali kuwaleta watoto wao, maabara zingebaki na chupa tu.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba kuitisha mkutano na kupiga makofi ndiko kushirikisha. Anayeshirikishwa huulizwa kabla maswali hayajaandikwa, husomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili anachokielewa, na huwa na haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Kazi ikiisha, matokeo yarudi katika mkutano mkuu wa kijiji, yawe mazuri au mabaya.

Hapo ndipo ninyi mnapohusika. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilienea nchini kwa vikundi vya kusoma na redio, na walimu wakawa miongoni mwa viongozi wake. Mtafiti akifika kijijini leo, huanza kwa mtendaji na kwa mwalimu. Msiishie kumgongea muhuri na kumtafutia nyumba ya kulala. Mwulizeni: swali hili ni la nani, na jibu lake mtatuletea lini? Asipokuwa na jibu, basi kazi yake haijawa tayari kuanza.