Bustani ya Karani na Mvua za Kusini



Karani ahamishwaye kutoka Tanga kuja Lindi huja na kalenda ya kwao: huingoja masika ya Machi ndipo apande mahindi. Huku msimu wa mvua ni mmoja. Huanza mwisho wa Novemba au Desemba, pamoja na kaskazi, na ifikapo mwisho wa Mei, upepo wa kusi ukishika, umekwisha. Apandaye Machi huvuna mabua, na mshahara wake huishia dukani kwa unga.

Wazee wa pwani hawakulima kwa miezi ya mwandamo, kwa kuwa hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Walihesabu toka Nairuzi, siku kumi kumi, na kila kumi wakaiita mwongo (si msema uongo). Sisi tuliozoea majalada tusiidharau hesabu hiyo.

Wala mvua ya kwanza isituhadae. Jua laweza kurudi majuma mawili, mbegu zikafia ardhini. Tupande nusu, nusu tuiweke. Muhogo ndio mvumilivu. Tena tufani huweza kuja mvua zikikaribia kwisha, kama ile iliyoipiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya ya Mei 2024 ambayo mvua zake zilikata barabara huko Kilwa. Basi migomba iwekewe miega mapema. Mchicha wa kiangazi hutaka maji ya kisima, asubuhi kabla ya kwenda ofisini.