Kikombe cha Bonane
(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanachama wetu kwenye mkutano wa mwezi wa kumi, Baraka)



Kamati imeniomba niseme juu ya sikukuu za utoto wetu kule kambini. Nilicheka kwanza. Nikasema, sikukuu gani, siye tulikuwa wakimbizi? Lakini usiku nilipolala nikakumbuka harufu ya sombe na mawese, na sikupata usingizi tena.

Wengi wenu mnajua. Vita vya 1996 vilitutoa Fizi, tukavuka ziwa Tanganyika, tukafika mkoa wa Kigoma. Wengine walipelekwa Lugufu, siye tukapelekwa Nyarugusu. Siku ya posho tulipanga mstari na karatasi mkononi: unga wa mahindi, njegere za manjano, mafuta, chumvi. Mtu aliyezoea bugali ya muhogo na samaki wa ziwa, unga ule ulimkaa kooni. Njo maana ba mama waliuuza kidogo sokoni kwa wenyeji, wakapata muhogo na ndagala. Na kwenda mbali na kambi ilikuwa marufuku, mwisho kilomita 4.

Sasa, Bonane ilitoka wapi ndani ya maisha hayo? Ilitoka kwenye kikombe.

Kwenye mstari wetu wa nyumba tulikuwa familia sita. Tangu mwezi wa tisa, kila siku ya posho, kila familia ilipeleka kikombe kimoja cha unga na kimoja cha njegere kwa mama mmoja mjane. Mama yule alikuwa na daftari. Hakujua kusoma sana, lakini alipiga mstari kwa kila kikombe, na mtu hakuweza kumdanganya hata punje. Mwezi wa kumi na mbili aliuza sehemu sokoni, akanunua mchele, mawese na jogoo mmoja. Jogoo mmoja kwa watoto ishirini na zaidi! Kila mtoto alipata kipande kama kidole gumba, na kidole hicho tulikizungumzia mpaka Pasaka. Asubuhi ya Bonane tulioga, tukavaa nguo iliyofuliwa vizuri, tukapita mlango kwa mlango tukipiga kelele "Bonane! Bonane!" mpaka mtu atupe andazi.

Mwaka mmoja, mvua za mwezi wa kumi na moja zilivuja ndani ya nyumba yetu, zikalowesha karatasi ya posho. Namba hazikusomeka. Tukaambiwa tungojee karatasi mpya. Tulingoja mpaka mwaka ukaisha. Tulikula kwa kuomba omba, na kikombe chetu hakikwenda tena kwa yule mjane.

Siku ya Bonane mama yetu alifunga mlango. Akatuambia: mtu akiuliza, semeni mnaumwa. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa karibu na ufa wa ukuta, nikasikia watoto wenzangu wanacheka, nikasikia mwiko unagonga sufuria. Nilimchukia mama yangu siku ile. Sikuelewa kwamba alikuwa anaficha haya yake.

Kisha mlango ukagongwa. Alikuwa yule mjane, na daftari lake mkononi. Akasema: "Mama, kwa nini batoto bako ndani ya nyumba siku ya Bonane? Bikombe byenu bya mwezi wa tisa na wa kumi biko mu chungu. Na hata kama habiko, ni nani alikuambia mutoto anapimwa na kikombe?"

Tulitoka. Tulikula. Mwaka uliofuata mama yangu alipeleka vikombe viwili viwili kila posho mpaka deni likaisha, na mjane akapiga mistari yake bila kusema neno. Alihesabu kila kikombe, lakini hakumfukuza mtu.

Wapendwa, sasa nafika kwenye jambo linaloniuma. Tangu 2005 meli zilianza kuleta watu kutoka Kigoma hadi hapa Baraka. Yule mama naye alirudi. Alikuta kiwanja cha mume wake kinakaliwa na watu wengine. Alilala kwenye baraza la kanisa miezi miwili, na mie nilikuwa Uvira, nikasikia habari zake wakati alikuwa ameisha kufa. Hapa hapakuwa na kikombe. Kila mtu alikuwa anatafuta bati lake.

Kanuni yetu ya leo inasema mtu achange miezi mitatu kwanza, ndipo asaidiwe. Najua sababu yake: tulidanganywa, na wafadhili wanataka hesabu. Lakini anayeshuka leo na mkeka na watoto, hiyo miezi mitatu ataikaa wapi? Kwa kanuni hii, hata yule mama tungemwambia angojee. Naomba tuibadilishe: mtu aandikwe siku anayofika, asaidiwe, deni lake lipigwe mstari, alipe akisimama.

Na tuanze kikombe tena. Kuanzia mwezi wa kumi na moja, kila nyumba ilete kikombe cha unga, maharage au mchele kila juma. Siku ya Bonane tupike pamoja hapa uwanjani, na waliofika mwaka huu wakae mbele. Wafadhili wetu wasiogope, franga za mbegu na za mabati hatutazigusa. Sufuria hii ni ya vikombe vyetu.

Mdogo wangu yuko Marekani. Ananiambia kule Alhamisi ya nne ya mwezi wa kumi na moja watu hukusanyika kula batamzinga, na mwaka wa kwanza majirani walimwita. Alikwenda na sufuria ya sombe. Nikamuuliza: walikula? Akasema: waliimaliza kabisa.

Daftari nimekwisha kulinunua, liko hapa mezani. Mstari wa kwanza nimeupiga kwa jina la yule mama.