Umaskini wa Nyumbani Usiwe Kosa la Mtoto

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.)



Kengele ya asubuhi imekwisha kulia. Wanafunzi wa kidato cha pili wamo darasani na somo limeanza. Kijana mmoja anaingia akiwa amechelewa kwa mara ya tatu katika juma hilo. Shati lake halikupigwa pasi, daftari la hesabu hana, na anapoulizwa sababu hajibu. Mwalimu anarudia swali kwa sauti kubwa zaidi. Kijana anainua macho, anatamka neno la ufidhuli, na darasa zima linaguna. Kinachofuata kinajulikana kwa kila mwalimu: viboko, kufagia uwanja, au barua ya kumwita mzazi ambaye mara nyingi hafiki.

Kijana wa namna hii yumo karibu katika kila shule. Mwaka uliopita alikuwa mpole, mwepesi wa kuinua mkono na kujibu. Huenda baba yake ni fundi mwashi aliyekaa miezi kadhaa bila kazi. Huenda ni mtumishi wa umma ambaye kadi yake ya benki imo mikononi mwa mkopeshaji wa ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Mama anakaanga maandazi kabla ya alfajiri, na kijana ndiye anayeyapeleka kituo cha mabasi kabla ya kwenda shule. Usiku wazazi wanagombana juu ya fedha, na katika nyumba ya vyumba viwili hakuna neno lisilosikika.

Kitabu cha adhabu kinaandika kosa: amechelewa, hana daftari, amemjibu mwalimu vibaya. Hakina mahali pa kuandika yaliyotokea usiku. Basi hapana budi kuuliza: dhiki ya fedha humfikiaje kijana hata ikageuza tabia yake? Asiyeijua njia hiyo atamwadhibu kijana kila siku, na kila siku kosa litarudi.

Wengi hudhani kwamba umaskini humdhuru mtoto kwa njia ya tumbo na mavazi tu. Kwamba akipata uji na sare, mambo yamekwisha. Ni kweli kwamba njaa huondoa utulivu, na wahenga walikwisha kusema kuwa mwenye njaa hana miiko. Lakini iko njia nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo hupitia katika mioyo ya wazazi.

Wala jambo hili si la nchi maskini pekee. Marekani, pamoja na utajiri wake, imelionja, na kwa kuwa watu wake waliandika kwa makini yaliyotokea, inafaa kujifunza kwao. Uchumi wa nchi hiyo uliporomoka kuanzia mwaka 1929, na kufikia mwaka 1933 karibu robo ya wafanyakazi wote hawakuwa na kazi. Katika miaka hiyo watafiti walikuwa wakifuatilia maisha ya watoto 167 wa mji wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Glen Elder, alizichambua kumbukumbu hizo na kutoa kitabu chake mwaka 1974. Aliona kwamba katika familia zilizopoteza zaidi ya theluthi moja ya pato lao, heshima ya baba ndani ya nyumba ilishuka, mzigo wa mama ukaongezeka, na vijana wakaingizwa mapema katika kazi za watu wazima. Uchunguzi wake wa baadaye ulionyesha kuwa akina baba waliopoteza kipato walikuwa wepesi wa kukasirika na kuadhibu bila mpango, na kwamba hasira hiyo, zaidi ya upungufu wenyewe wa fedha, ndiyo iliyowaumiza watoto.

Miaka hamsini baadaye zamu ikawa ya wakulima wa jimbo la Iowa. Katika miaka ya 1980 riba ya mikopo ilipanda, thamani ya mashamba ikaanguka kwa zaidi ya nusu, na familia nyingi zikapoteza ardhi ya mababu zao. Kuanzia mwaka 1989, Rand Conger pamoja na Elder na wenzao walizifuatilia familia 451 za jimbo hilo zenye watoto waliokuwa wakiingia katika ujana. Walilolikuta ni mfano wa mnyororo. Deni humkatisha tamaa baba na mama. Kukata tamaa huleta ugomvi kati yao. Ugomvi humfanya mzazi awe mkali kupita kiasi au ajitenge na watoto wake. Hapo ndipo kijana anapobadilika: huyu anakuwa mkorofi, yule ananyamaza na kunyong'onyea, na mwingine anashindwa masomo. Wapiganapo tembo nyasi huumia, nazo nyasi za nyumbani ni watoto.

Kama mnyororo huo upo, je, kuikata pete moja hakuleti nafuu? Tukio moja lilitoa jibu. Katika jimbo la North Carolina watafiti walikuwa wakiwafuatilia watoto 1,420, wakiwamo wa kabila la Cherokee. Katika miaka ya 1990 kabila hilo lilifungua nyumba ya kamari katika ardhi yake, na sehemu ya faida ikagawiwa kwa kila mwanakabila. Kamari si jambo la kusifiwa. Lakini taarifa ya Jane Costello na wenzake ya mwaka 2003 ilionyesha kuwa watoto ambao familia zao zilitoka katika umaskini walipungukiwa na ukorofi na ukaidi hadi wakalingana na wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Na sababu kubwa iliyoonekana ni kwamba wazazi walipata nafasi ya kuwaangalia watoto wao. Hata hivyo, hofu na huzuni za ndani hazikupungua kwa kiasi kama hicho.

Funzo hilo lina pande mbili. Ukorofi mwingi unaodhaniwa kuwa ni ubaya wa asili ya mtoto hufifia mzigo wa nyumbani unapopungua. Lakini majonzi yaliyokwisha kuota mizizi hayang'oki kwa fedha peke yake. Yanahitaji mtu wa kumsikiliza kijana, na mara nyingi mtu aliye karibu zaidi ni mwalimu.

Ndugu walimu, mnyororo huo unaonekana wazi katika shule za Tanzania kwa yule anayetaka kuuona. Mvulana huutoa uchungu wake nje: hupigana, hutoroka, huiba kalamu ya mwenzake, hujiunga na vijana wa kijiweni ambao angalau humwita jina lake kwa furaha. Msichana mara nyingi huuficha. Hukosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa taulo za kike, kisha husema kwamba aliumwa homa. Hukataa kusimama mbele ya darasa kwa sababu sketi imechakaa. Na anapotokea mtu mzima mwenye lifti, chipsi na maneno matamu, msichana huyo humwona kama mtu wa kwanza aliyeuliza anahitaji nini. Wengi humlaumu msichana kwa tamaa. Wachache huuliza kwa nini mwovu huyo aliwahi kumwuliza swali hilo kabla ya mzazi, mwalimu na jirani.

Yapo mambo ambayo taifa limekwisha kuyafanya, na ni haki yatajwe. Ada za shule za msingi za serikali zilifutwa mwaka 2001. Kuanzia Januari 2016 zikafutwa za kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 zikafuata za kidato cha tano na cha sita. Mpango wa kunusuru kaya maskini, chini ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulipeleka ruzuku vijijini na mijini. Mamilioni ya watoto wamekaa darasani kwa sababu ya hatua hizo.

Lakini ada inaweza kufutwa kwa waraka. Aibu haifutiki hivyo. Sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Mchango wowote unaokubaliwa na wazazi huwa na orodha ya waliolipa na wasiolipa, na orodha hiyo inaposomwa mstarini mbele ya wanafunzi wote, anayeaibishwa ni mtoto ambaye hana mshahara, hana shamba, wala hakualikwa katika kikao kilichopitisha mchango huo. Kumrudisha nyumbani akafuate fedha ni kumtuma akawashe upya ugomvi uliozimika usiku wa manane. Kijana akifika mlangoni na kuwakuta wazazi kimya, atafanya nini? Wengi hawafiki nyumbani kabisa. Huko njiani ndiko utoro unakoanzia.

Wako watakaosema kwamba maneno haya yanadekeza. Watauliza: je, viongozi wangapi walisoma peku na kushinda na njaa, na hawakumtukana mwalimu? Hoja hiyo ina uzito na haistahili kupuuzwa. Umaskini si kibali cha ukorofi, na shule isiyo na nidhamu humdhuru kwanza mtoto maskini, maana hana shule nyingine ya kukimbilia. Lakini tazameni vizuri maisha ya hao waliofaulu. Mara nyingi nyuma yao yuko bibi aliyemtia moyo, mjomba aliyemchukua, au mwalimu aliyempa daftari bila kutangaza. Wale ambao hawakuwa na mtu wa namna hiyo hawapo jukwaani kusimulia habari zao.

Hata kazi za mikono, ambazo vijana hao walizifanya, zina pande mbili. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilitaka mwanafunzi asitengwe na kazi za jamii yake. Uchunguzi wa Oakland nao ulionyesha kuwa vijana wengi waliopewa kazi yenye maana katika familia walijiona kuwa watu wa kutegemewa, na walikua wakiwa imara. Kijana anayeuza maandazi saa moja huku wazazi wakimshukuru na kumweleza ukweli wa hali ya nyumbani hujengeka. Anayebebeshwa kazi usiku na mchana, akitukanwa, wala haambiwi kwa nini mambo yamebadilika, huvunjika. Kinachowatofautisha ni kiasi cha kazi, na heshima anayopewa mwenye kuifanya.

Kwa hiyo yako mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa kila shule na kila ofisi, bila kungojea bajeti.

Kwanza, swali litangulie fimbo. Kanuni za mwaka 2002 juu ya viboko shuleni zinaitenga adhabu hiyo kwa makosa makubwa, zinaweka ukomo wa viboko vinne, na zinataka kila adhabu iandikwe. Kabla ya kuandika, kijana aitwe faragha na aulizwe: jana ulikula nini, ulilala saa ngapi, nani yuko nyumbani? Maswali hayo yanachukua dakika tano. Kama baada ya hapo adhabu inastahili, itolewe, na kijana atajua kwamba ameadhibiwa kwa kosa lake mwenyewe, si kwa mfuko wa baba yake.

Pili, habari za fedha zibaki kati ya watu wazima. Deni la mchango liongelewe na mzazi, kwa barua iliyofungwa au kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Jina la mtoto lisitajwe mstarini kwa jambo la fedha hata siku moja.

Tatu, maofisa wa ustawi wa jamii na watendaji wa mitaa na vijiji wapate habari mapema. Mwalimu ndiye wa kwanza kuona kwamba nyumba fulani imeyumba, hata kabla ya mjumbe wa nyumba kumi. Habari hiyo ikikaa katika chumba cha walimu kama masengenyo, haimsaidii mtu. Ikifika kwa mtendaji kama taarifa, mtoto anaweza kukumbukwa msaada unapopatikana.

Nne, na hili linawahusu wote kama wazazi, nyumba iambiane ukweli. Mwalimu na karani nao wanakopa, nao hurudi nyumbani wamekunja uso. Mtoto wa miaka kumi na minne anajua kwamba mambo si mazuri. Asipoelezwa, hujitungia maelezo yake, na mara nyingi hujidhania kuwa yeye ndiye mzigo. Baba anayesema, "Mwezi huu hali ni ngumu, si kwa kosa lako, na tutapunguza hiki na kile," hajapungukiwa na heshima. Amemwondolea mwanawe hofu ambayo fimbo isingeweza kuiondoa.

Ndugu walimu na watumishi wa umma, kesho asubuhi kengele italia tena, na yule kijana atachelewa tena. Atasimama mlangoni bila daftari, akingoja. Katika muda huo mfupi shule inaweza kuwa pete nyingine ya mnyororo unaomfunga, au mahali mnyororo huo unapokatikia. Hakuna waraka wa wizara unaoweza kuamua jambo hilo kwa niaba ya mwalimu aliyeshika chaki. Aulizwe kwanza. Kisha apewe nafasi ya kukaa.