Presha Isiyopimwa Mkononi: Istilahi na Maradhi ya Ini



Istilahi ya tiba hupimwa kwa swali moja: je, mgonjwa akilisikia jina la ugonjwa wake, atatenda ipasavyo? Neno presha ladhihirisha uzito wa swali hili. Katika Kiswahili cha kila siku limekwisha kuwa jina la maradhi, na kupima presha ni kufungwa mkanda mkononi. Mkazi wa Shanwe, mjini Mpanda, akiambiwa ana “presha ya ini”, atanyoosha mkono. Mkanda ukionyesha hali ya kawaida, ataamini kuwa ni mzima.

Presha inayokusudiwa imo katika mshipa upelekao damu kwenye ini kutoka utumbo na bandama. Ini likijaa makovu, damu hukosa njia: bandama huvimba, maji hujaa tumboni, na mishipa ya umio hutanuka, pengine ikapasuka. Mgonjwa hutapika damu na aweza kufa. Presha ya mkono, kinyume chake, mara nyingi hushuka.

Ultrasaundi huonyesha dalili hizo bila kumchoma wala kumpasua mtu: mshipa uliozidi milimita 13, bandama iliyokua, maji tumboni. Elastografia, yaani kupima ugumu wa ini, huongeza ushahidi. Makubaliano ya Baveno ya mwaka 2021 yalitaja kilopaskali 25 kuwa kiwango cha kuthibitisha hatari katika baadhi ya maradhi sugu ya ini. Kichocho cha tumbo, kinachofahamika sana Ukerewe, ni jambo jingine: makovu yake huzunguka mishipa, hivyo ini laweza kuonekana laini ilhali presha imepanda. Na jina kichocho huelekeza fikra kwenye mkojo, si kwenye ini.

Propranololi hupunguza hatari ya mishipa hiyo kuvuja damu, lakini watu huijua kama dawa ya presha. Asiye na presha ya mkono ataiacha.

Tuna kanieneo, istilahi sahihi ya fizikia ambayo mgonjwa haijui. Tuna shinikizo, ambalo limekwisha kufungamana na mkono. Linalopendekezwa hapa ni mkwamo wa damu ya ini. Jina hili hutaja kinachotokea, na humwelekeza mgonjwa kwenye kipimo cha tumbo. Wanaleksikografia walijadili pamoja na matabibu, kabla halijaingizwa kamusini.