Jiwe, Uzi na Daftari la Mtafiti

Kipindi cha leo kwa wasikilizaji wa Arua, Koboko na Nile Magharibi yote kinamhusu mwanafunzi anayetamani kuwa mtafiti wa fizikia, na kinaanza na vitu vilivyopo nyumbani: uzi, jiwe, rula na simu yenye saa ya kupima sekunde.

Jiwe linaning'inizwa kwenye msumari, mita moja kamili kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe. Linavutwa pembeni kidogo, linaachiwa. Kwenda na kurudi mara 20 huchukua kama sekunde 40.2. Kwa kanuni ya penduli inayofundishwa sekondari, mchapuko wa mvutano wa dunia unakuwa 9.77. Kitabu kinasema 9.81.

Hapo wengi hufuta jibu lao na kunakili la kitabu. Ni hasara kubwa!

Mtafiti hujiuliza kwanza kipimo chake kinaaminika kiasi gani. Kidole kikikosea kwa sekunde 0.2 tu, jibu laweza kuwa popote kati ya 9.67 na 9.87, kwa hiyo bado hawezi kukibishia kitabu. Basi ahesabu mara 100. Kosa lilelile la kidole sasa limegawanywa kwa mizunguko mingi, na urefu ukiwa umepimwa sawasawa, jibu linabaki kati ya 9.75 na 9.79.

Na kitabu hakijakosea. 9.81 ni kipimo cha nchi kama Uingereza. Arua iko karibu na ikweta, mahali ambapo dunia imebenuka na mzunguko wake hupunguza uzito kidogo. Tena mji uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kimo hicho nacho hupunguza mvutano kidogo. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya penduli Cayenne, Amerika Kusini, nako ni jirani ya ikweta. Ikachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku, kwa kuwa mvutano huko ni mdogo zaidi. Mwaka 1687 Newton aliutumia ushahidi huo kueleza umbo la dunia.

Kutoka hapo njia ya kuwa mtafiti ipo: fizikia na hisabati hadi kidato cha sita, shahada, pengine Chuo Kikuu cha Muni palepale Arua, kisha uzamili, kwa mfano katika taasisi ya fizikia ya EAIFR mjini Kigali, iliyofunguliwa 2018.

Wiki hii, mwanafunzi wa Koboko na mwenzake wa Arua wapime, waandike kila namba bila kufuta, kisha walinganishe madaftari.