Askari wa Seli na Saratani ya Mlango wa Kizazi

Leo tuongee kuhusu saratani ya mlango wa kizazi.

Ndani ya seli za mwili kuna protini iitwayo p53. Hii ni kama askari wa zamu. Seli ikiharibika, askari huizuia isizaane, au huiamuru ife.

Saratani hii huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili huvishinda. Lakini aina kali, kama 16 na 18, zikikaa mwilini, humfanya askari abandikwe alama ya kemikali. Wanasayansi walionyesha mwaka 1990 kwamba p53 huvunjwa kwa njia hiyo. Ni kama samaki mzuri pale ufuoni kubandikwa alama ya kuoza, kisha akatupwa. Askari akiondoka, seli mbovu huzaana ovyo.

Wengi huniambia, "Sista, siumwi popote." Mama, askari huyu huondolewa kimyakimya. Usingoje damu au maumivu.

Safari hii huchukua miaka mingi, kwa hivyo tuna nafasi. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa kote Kenya Oktoba 2019. Mpeleke msichana wa miaka 10 hadi 14. Wewe wa miaka 25 hadi 49, njoo upimwe. Anayeishi na virusi vya ukimwi asichelewe, kwani hatari yake ni kama mara 6. Seli zilizobadilika zikionekana mapema, hutibiwa kabla hazijawa saratani.

Karibuni kliniki.