Njia za Dawa Mwilini

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza juu ya milango ambayo dawa huingilia mwilini. Wengi wetu, huku Same tambarare na kule Chome na Vudee milimani, twaamini ya kuwa dawa ya kweli ni sindano. Imani hiyo ina asili yake: katika miaka ya 1920 wagonjwa wengi wa buba katika Tanganyika walidungwa sindano, na vidonda vyao vikakauka upesi. Basi sindano ikapata sifa, na kidonge kikadharauliwa.

Lakini sisi Wapare twajua habari za maji. Maji ya ndiva hupita katika mfereji, yakafika shambani polepole, wala hatusemi kuwa hayana nguvu. Ndivyo kilivyo kidonge: hushuka tumboni, hufyonzwa na matumbo, hupita katika ini, kisha damu huieneza dawa yake mwilini. Sindano ya mshipani haina mfereji; huingia katika damu mara moja. Kwa hiyo yafaa pale haraka inapotakiwa, au tumbo lisipoweza kupokea dawa. Tena ziko dawa ambazo tumbo huziharibu, kama insulini ya wenye kisukari. Hiyo hudungwa chini ya ngozi. Naye mwenye pumu huvuta dawa yake kwa pumzi, ili ifike mapafuni penyewe.

Sasa tufikiri habari ya mtoto mwenye malaria kali, aliyepotewa na fahamu, na hospitali iko mbali. Tusimtie kidonge wala maji kinywani, maana atapaliwa. Akiwa chini ya miaka 6, mhudumu wa afya aliyefundishwa aweza kumtia dawa ya artesuneti kwa njia ya haja kubwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, uliofanywa Tanzania, Ghana na Bangladesh, ulionyesha ya kuwa dawa hiyo hupunguza vifo na ulemavu kwa watoto wadogo wanaokawia kufika hospitali. Walakini humvusha mtoto njiani tu. Sharti apelekwe upesi, akapate sindano muda wa saa 24 kwa uchache, kisha amalize vidonge vya siku 3.

Basi, mganga akituandikia vidonge, tusimshurutishe kutudunga. Sindano isiyo na sababu yaweza kuumiza mishipa ya fahamu, na isiyo safi huleta maradhi mengine. Tumwulize: dawa hii yaingia kwa njia gani, mara ngapi, na kwa siku ngapi? Kisha tutimize kama alivyosema.